Umri wa Nyumbani

Mzee hakufungua mlango. Alisogeza pazia upana wa vidole viwili, akamkagua Inspekta Zaitun Idarusi kutoka viatuni mpaka kwenye ushungi, halafu akalirudisha.

"Kitambulisho," sauti ikasema kutoka ndani.

Zaitun akapitisha kitambulisho chake cha kazi kati ya vyuma vya dirisha. Kilikaa huko ndani muda mrefu. Koplo Lusweti, aliyesimama nyuma yake na mwavuli uliovunjika mbavu, akakohoa.

"Hata bosi wetu hajawahi kukisoma hivyo, Madam."

"Nyamaza wewe."

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mvua za Machi zimeingia kwa fujo, na uchochoro ule wa mtaa wa Mowlem, Nairobi, ulikuwa tope tupu. Mama Mbinya, mke wa yule mzee, alikuwa amesimama pembeni na leso kichwani, amejikunyata. Yeye ndiye aliyekwenda kituoni alfajiri. Alisema maneno machache tu: mume wangu ni Sajini Mwanzia, mstaafu wa jeshi, wiki ya tatu hii hajatoka nje, analala amekaa kwenye kiti, na jana ameniambia akifa nisilie sana. Zaitun alitaka kumpitisha kwa askari wa zamu, mpaka mama akaongeza: "Anapigiwa simu na mtu wa kodi. Yule yule aliyekuwa akimpigia Ndirangu."

Hapo Zaitun alikaa wima.

Zaitun alimjua Ndirangu, ila alimjua akiwa maiti. Koplo mstaafu wa jeshi, aliyeopolewa mtoni Jumanne chini ya daraja la kwenda Dandora. Mtaani walisema alilewa akateleza. Zaitun alikwenda kwake kesho yake akakuta wanawake wanapika chai ya matanga, na msalaba wa mbao umeegemezwa ukutani, umechongwa vizuri, unang'aa. Mtoto mmoja alikuwa karibu kuuangusha, Zaitun akaudaka kwa kiganja. Mjane akamwambia jambo moja ambalo halikumtoka kichwani tangu siku hiyo: Ndirangu alikuwa hajaonja pombe tangu alipookoka.

Kitambulisho kikarudishwa dirishani. Pazia likafunguka nusu. Mzee alikuwa mrefu, shati limepigwa pasi, kola imefungwa mpaka juu, lakini macho yalikuwa mekundu.

"Samahani, Afande. Siku hizi siamini hata redio."

"Hakuna neno, Mzee. Huyo mtu anasemaje kwenye simu?"

"Anaongea kama ameziba mdomo kwa kitambaa. Anasema mimi ni mwizi wa serikali."

"Umeiba nini?"

"Miaka."

Akatazama uchochoro huku na huku.

"Mwaka wa sabini na sita walikuja kuandikisha vijana kule kwetu Machakos. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tano, mwili mkubwa. Nikasema kumi na tisa. Karani akaandika, na tangu hapo karatasi zangu zote zikafuata. Hata kitambulisho. Kwa hiyo nina umri aina mbili, Afande. Wa jeshi na wa nyumbani. Si mimi peke yangu, tulikuwa wengi."

"Na hayo yanahusiana vipi na kodi?"

"Pensheni yangu, ile sehemu inayozidi kiwango, ilikuwa ikikatwa kodi. Ukifika sitini na tano wanaacha kukata. Kwa umri wa jeshi nilifika mwaka juzi, wakaacha. Kwa umri wa nyumbani bado sijafika. Huyo mtu anajua! Ananitajia mwaka niliozaliwa, ule wa kweli. Anasema kila mwezi ambao haukukatwa ni wizi. Anasema wakifungua faili langu pensheni yote inakwenda, mimi nakwenda ndani kwa kudanganya jeshi, na huyu mama nikifa hapati hata ya mjane."

"Umemtumia pesa?"

"Kwa simu. Mara kadhaa. Sasa hataki za simu, anataka tuonane." Akashusha sauti. "Ndirangu naye aliambiwa waonane."

Mvua iliongezeka. Lusweti alisogeza mwavuli ukamfunika Zaitun bega moja.

"Nani anaujua umri wako wa nyumbani?" Zaitun akauliza.

"Mungu. Na mama yangu, ambaye tulimzika."

"Mama Mbinya?"

"Mimi?" Mbinya akasema. "Mimi nilichumbiwa na miaka ya jeshi. Wiki hii ndiyo naambiwa niliolewa na mtoto."

Mzee karibu acheke. Kicheko hakikufika mdomoni.

"Hakuna mwingine? Fikiri vizuri."

Akanyamaza. Macho yake yalishuka sakafuni yakakaa hapo. "Hakuna mtu ninayezungumza naye mambo hayo, Afande."

Zaitun aliona kile kimya, akakiweka akiba. "Kuna mtu anayekusaidia katika jambo hili?"

"Mwenyekiti wetu wa chama cha wastaafu. Sajini Meja Wahome. Yeye ndiye ananishikilia. Jana nilimwambia nimechoka, bora nikajieleze mwenyewe kwa watu wa kodi; akasema nivumilie, atazungumza nao wakubwa kwa niaba yangu. Kama si yeye ningekuwa nimeshapotea."

"Basi sikia. Zima hiyo simu. Usimfungulie mtu. Ila mimi, huyu Koplo, au huyo mwenyekiti wako. Mwingine yeyote, hata akija na sare, piga kelele."

"Sawa, Afande."

Zaitun alisema vile kwa nia njema kabisa. Kabla ya jioni angeyajutia maneno hayo.

*

Namba iliyokuwa ikimpigia Mzee ilikuwa imesajiliwa kwa jina la mama mmoja muuza mboga aliyepoteza kitambulisho chake mwaka uliopita. Njia hiyo ilikufa hapo hapo. Lakini Mbinya alikuwa ametaja jambo jingine: wazee wote wa jeshi wa upande ule hujaziwa ritani, zile fomu za kodi za kila mwaka, na kijana mmoja mwenye saiba, duka la kompyuta na intaneti, pale Buruburu, anaitwa Hanif.

Saiba ilikuwa chumba chembamba juu ya duka la vipuri, kompyuta nne na mashine ya kutolea nakala iliyokuwa ikinguruma. Hanif alipoona kitambulisho cha polisi, rangi ilimtoka.

"Niaje... yaani, habari ya saa hizi, Madam. Karibuni. Kaeni. Kiti hicho kimevunjika, usikae hicho."

"Wewe ndiye unawajazia wazee wa jeshi ritani?"

"Ni wazee wangu hao. Kila mwaka."

"Una namba zao za kodi, na nywila zao."

"Wananiachia wenyewe! Wakienda nazo wanasahau. Mmoja aliandika yake kwa kuta ya jikoni, mke akapaka rangi."

Lusweti alikuwa amekwisha kusimama mlangoni, upana wake wote. Hanif akamtazama, akamtazama Zaitun, jasho likaanza kumtiririka.

"Sawa. Basi nitasema," akasema. "Nawajazia sifuri, kama watu wasio na mapato. Wote. Hata wale pensheni yao inakatwa, ambao wanafaa kuonyesha. Foleni inakuwa refu, mwezi wa sita watu ni wengi, sifuri inaisha haraka. Mimi najua ni makosa, Madam, lakini si wizi bana, wallahi."

"Sikuja kwa ajili ya sifuri zako, Hanif."

"Hukuja?"

"Bado."

Hanif akakaa kwenye kile kiti kilichovunjika, akainuka haraka.

"Nifungulie Mwanzia," Zaitun akasema. "Amezaliwa mwaka gani?"

Vidole vyake vikakimbia. "Hamsini na saba."

"Huo umetoka wapi?"

"Kwa kitambulisho. Mtambo unauvuta wenyewe. Hata nikitaka kuubadilisha siwezi."

"Hujawahi kumsikia akitaja mwaka mwingine?"

Hanif akamkodolea macho. "Mwingine aje? Kwani mtu anazaliwa mara ngapi?"

Zaitun alimtazama usoni muda kidogo. Kijana hakupepesa. Alikuwa na woga wa mambo yake mwenyewe, mwingi tu, lakini huo haukuwa woga wa mtu aliyeguswa penyewe.

"Mtu wa kodi akikupigia simu, akasema tuma kwa namba hii, wewe ungetuma?"

"Zii! Kodi unalipa kwa namba ya malipo ya serikali, na risiti inatoka kwa mtambo. Tena ya pensheni inakatwa huko huko kabla haijamfikia mzee. Anayekuitisha kwa namba yake ni mwizi wa kawaida tu, kama wale wa kuiba sufuria."

"Na wazee hawajui hilo?"

"Wazee wa jeshi, Madam?" Hanif akatikisa kichwa. "Hao wanajua kutii. Wewe wapigie na sauti ya amri, watasimama wima hata kama wako kitandani."

Walipofika chini kwenye baraza, Lusweti aligeuka. "Tumchukue? Ana nywila zote, anajua nani anakatwa na nani hakatwi."

"Ana mwaka mmoja tu. Wa kitambulisho. Anayepiga simu ana yote miwili." Zaitun alikunja mikono. Maji yalikuwa yakimwagika kutoka ukingoni mwa paa yakitoboa shimo kwenye changarawe. "Mwaka wa nyumbani wa hawa wazee, Lusweti. Tumeuona mahali."

"Hatujauona."

"Kwa Ndirangu. Mfukoni mwa maiti, kitambulisho kilisema hamsini na sita. Msalaba nilioudaka ulisema sitini. Nikadhani fundi amekosea."

Lusweti akatoa simu akampigia mjane wa Ndirangu, akazungumza naye taratibu, kwa heshima, akamuuliza nani aliuchonga ule msalaba.

"Fundi Maingi," akasema alipomaliza. "Njiru, kando ya Kangundo Road. Lakini, Madam, mama amebadilika sauti nilipotaja msalaba. Amesema mambo hayo hayazungumzwi."

*

Karakana ya Maingi ilikuwa banda la mabati lililosimamishwa kati ya muuza mchanga na kinyozi. Mvua ilipiga juu yake mpaka watu wakalazimika kupaza sauti. Mbele kulikuwa na viti, stuli, jeneza moja lisilo na kifuniko. Nyuma kabisa, pazia zito jeusi lilikuwa limetandazwa kutoka ukuta hadi ukuta.

Maingi alikuwa mzee mfupi, vumbi la mbao kwenye nyusi. Alipoulizwa juu ya Ndirangu aliweka patasi chini.

"Nilimchongea. Mwaka ni ule aliotaka mwenyewe. Sikukosea."

"Sijasema umekosea. Nataka kujua kwa nini ni tofauti."

Fundi alipangusa mikono kwenye aproni, akachukua muda wake.

"Kuna mwenzao mmoja alikufa zamani kidogo. Wakaenda kumzika kwao, na msalaba una mwaka wa jeshi. Mama yake, kikongwe, akasimama kaburini akakataa mchanga usimwagwe. Akasema huyu si wangu, wangu hakuzaliwa mwaka huo. Wakakaa pale na jeneza, watu wazima, wanalia. Waliporudi Nairobi chama kikaamua: kila mtu achongewe msalaba wake angali hai, na mwaka uwe wa nyumbani. Kwenye hati nyingine zote wamedanganya. Kwenye huo hapana."

"Na walikuja wenyewe kukutajia miaka yao?"

"La! Kwao ni mwiko. Hawautaji msalaba hata kwa mke. Wakipita hapa wanageuza uso. Mwenyekiti alimwendea kila mmoja kwake, akanong'onezwa, akaniletea mimi."

Lusweti alimtazama Zaitun. Zaitun hakumtazama. Kile kimya cha Mwanzia dirishani kilikuwa kimepata jina.

"Mwenyekiti Wahome."

"Huyo."

"Fungua pazia, Mzee Maingi."

Fundi alisita, kisha akalivuta.

Misalaba ilikuwa imepangwa ukutani bega kwa bega, mirefu kwa mifupi, mbao mbichi isiyo na rangi. Kila mmoja una jina, mwaka wa kuzaliwa, kistari, halafu nafasi tupu inayongoja. Watu wote wale walikuwa hai. Huenda wakati huo walikuwa wakinywa chai, wakigombana na wajukuu. Zaitun alirudi nyuma hatua moja, akashika stuli iliyokuwa karibu.

Vidole vyake vikanata.

"Hiyo bado!" Maingi akasema. "Nimeipaka vanishi jana."

Zaitun alitazama alama za vidole vyake kwenye mbao. Akatazama mkono wake.

"Hii huchukua muda gani kukauka?"

"Jua likiwaka, siku moja. Na mvua hii? Tatu, nne, hata nikiwasha jiko karibu."

"Misalaba hii haina vanishi."

"Siwezi kupaka mapema. Vanishi ikishakauka ukitia patasi inachanika. Nachonga mwaka wa mwisho kwanza, halafu ndiyo napaka."

"Ndirangu aliopolewa mtoni Jumanne," Zaitun akasema polepole. "Jumatano niliushika msalaba wake kwa kiganja kizima. Kiganja kilitoka kikavu."

Maingi aligeuka akaitazama misalaba.

"Uliambiwa lini uandike mwaka wa kufa, Mzee?"

"Ijumaa. Ijumaa ile kabla." Sauti yake ilikuwa imepungua mpaka wakainama kumsikia. "Mwenyekiti alisema Ndirangu amelazwa, madaktari wamekata tamaa. Akasema nisitoe neno, nisije nikamtia mkewe hofu. Na mazishi yawe ya haraka, kila kitu kiwe tayari. Yeye ni mtu wa maandalizi. Ndivyo alivyo."

"Ndirangu aliwahi kuja hapa?"

"Alikuja siku moja kabla ya hapo. Alikuwa amechoka. Alisema hizo simu zimemshinda, atakwenda mwenyewe kwa watu wa kodi, awaambie umri wake wa kweli, wamfanye watakavyo. Mwenyekiti alikuwa amekaa pale pale uliposimama. Akamwambia ngoja kwanza, usiende peke yako, nitakupeleka."

Lusweti alikuwa amesogea nyuma ya jeneza, upande wa jiko la makaa. "Madam," akaita. "Njoo uone hapa."

Msalaba mmoja ulikuwa umelazwa juu ya mbao mbili, karibu na moto. Uling'aa. Harufu ya vanishi ilikuwa bado kali. Zaitun alisoma jina, akasoma tena.

MWANZIA. 1961 – 2024.

"Huyu," Maingi akasema nyuma yao, "huyu naye amelazwa. Ameniambia jana jioni."

"Nimezungumza na Mwanzia leo asubuhi. Dirishani kwake."

Mzee Maingi alitafuta mahali pa kukaa, akakaa ukingoni mwa jeneza.

"Na wa mwenyekiti mwenyewe uko wapi?" Lusweti akauliza.

"Hakuagiza," fundi akasema. "Sijui kwa nini sikuwahi kujiuliza. Hakuagiza."

*

Simu ya Mwanzia ilikuwa imezimwa. Zaitun mwenyewe ndiye aliyemwambia azime.

Gari lilikuwa limekwama Kangundo Road, mbele lori, nyuma lori, maji yamefika nusu ya magurudumu. Lusweti alipanda na tairi mbili kwenye njia ya watu kwa miguu, akipiga honi. Zaitun aliita kituo cha karibu na Mowlem, akaomba askari wakimbie kwa miguu. Kisha akampigia Mbinya.

"Haloo? Mwanangu, umepata neno?"

"Mama, Mzee yuko wapi?"

"Yuko ndani. Amepata mgeni, mwenyekiti. Tulimfungulia, si ulisema huyo afunguliwe?"

Zaitun alifumba macho. "Na wewe uko wapi?"

"Kibandani hapa. Mwenyekiti ametamani chai ya maziwa, akaniambia nikimbilie. Nangoja mvua ipungue."

"Usingoje. Mama, nisikilize, usipige kelele. Rudi sasa hivi, usiingie ndani. Nenda dirishani. Mpe Mzee hii simu, mwambie ni binti yenu anataka kumsalimu. Binti yenu anaitwa nani?"

"Nzisa." Pumzi zake zilikuwa zimebadilika. "Ni yeye? Ni mwenyekiti?"

"Nenda, mama."

Alisikia nyayo kwenye tope, kishindo cha kitu kilichoanguka, pengine maziwa. Akasikia mama akihema, halafu akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ambayo Zaitun hakujua aliitoa wapi: "Baba Nzisa, binti yako huyu. Anasema lazima akusikie."

Mkwaruzo wa simu kwenye vyuma.

"Nzisa?"

"Ni Inspekta Zaitun. Niite Nzisa. Usibadilishe uso."

"Hujambo, mwanangu."

"Huyo aliyekaa nawe ndiye anayekupigia simu. Hakuna mtu wa kodi, Mzee. Hajawahi kuwapo. Ni yeye, na ndiye aliyempeleka Ndirangu mtoni. Umenisikia?"

Zaitun aliweza kusikia saa ya ukutani nyumbani kwa Mwanzia, tena nyuma yake sauti nzito ya mwanamume ikisema, "Mwambie tunatoka, Sajini. Utampigia baadaye."

"Nimekusikia, mama," Mzee akasema. "Na huko mvua inanyesha?"

"Anataka mwende wapi?"

"Tunatoka kidogo na mwenyekiti. Kuna mtu tunaonana naye pale darajani, tumalize ile shida ya kodi."

"Usitoke nje ya nyumba hiyo. Tafuta sababu yoyote. Askari wanakuja kwa miguu, na mimi niko njiani."

"Uko mbali?"

Zaitun alitazama lori lililokuwa mbele yao, matope yake, namba zake. "Niko mbali," akasema. Hakuweza kumdanganya.

"Sawa, mwanangu," Mzee akasema. "Usiogope."

Simu haikukatwa. Zaitun alisikia ikiwekwa kwenye ukingo wa dirisha. Akasikia hatua. Hatua za viatu vigumu, si za mtu anayejiburura kutoka kitini. Akasikia mlango wa chuma ukibamizwa na mlio wa kufuli likibanwa. Halafu kitu kidogo kikagonga chuma cha dirisha na kuangukia nje.

"Mbinya!" Mzee alinguruma. "Okota ufunguo! Okota, na usimpe mtu! Piga nduru!"

Mbinya akapiga. Simu ile ilijaa nduru mpaka Lusweti akaachia usukani mkono mmoja kwa mshtuko. Nyuma ya nduru kiti kilianguka, na sauti nzito ikasema, "Umefanya nini? Sajini, umefanya nini? Fungua!"

"Tumefungwa wote wawili, mwenyekiti," Mwanzia akajibu. "Kaa. Ungoje chai."

*

Zaitun alipofika alipita mbio kati ya watu. Wapangaji wa ploti yote walikuwa nje, na wa ploti za jirani, wamejazana dirishani mpaka wakazuia mwanga. Askari watatu walikuwa wamesimama mlangoni wameloa, hawajui la kufanya.

"Mama amekataa kutoa ufunguo, Madam," mmoja akasema. "Tumemwonyesha vitambulisho. Amekataa kabisa."

Mbinya alikuwa ameupa ukuta mgongo, ngumi imebanwa kifuani. Alimtazama Zaitun kwanza, akahakikisha, ndipo akafungua vidole kimoja kimoja, akapitisha mkono kwenye tundu la mlango, akafungua kufuli na kubaki na ufunguo.

Ndani, Wahome alikuwa amekaa kwenye sofa, mtu mkubwa mwenye koti la mvua, mikono juu ya magoti. Karibu na mguu wake ulikuwa waya mnene uliokunjwa vizuri, ambao hakuwa na kazi nao tena mbele ya macho yote yale. Mwanzia alikuwa amesimama mbele ya mlango, mgongo umenyooka. Damu ilikuwa ikimtoka puani ikashuka mpaka kwenye kola.

Walimfunga Wahome pingu bila neno. Nje watu walianza kupiga makelele wakitaka waachiwe mtu huyo wamwadhibu wenyewe, na askari wakashikana mikono kuwazuia. Lusweti alitoa kalamu, akavuta kiti karibu na Mzee.

"Tuandike kidogo tu, Mzee, kabla hatujakupeleka hospitali. Majina kamili?"

Mwanzia akayataja.

"Mwaka wa kuzaliwa?"

Wahome, aliyekuwa akisukumwa kuelekea mlangoni, alisimama. Aligeuza kichwa. Sauti yake ilikuwa tulivu, ile sauti ya amri.

"Fikiri vizuri, Sajini. Ukishautaja kwa polisi umeutaja kwa serikali. Mimi nitafungwa, sawa. Lakini wao watakuja na hesabu yao. Nani atakutetea?"

Mzee alimtafuta Mbinya kwa macho akampata kwenye fremu ya mlango. Zaitun alitaka kusema jambo, kwamba wenye kodi hutazama kitambulisho, kwamba kuna mawakili, lakini hakuwa na hakika ya mambo yote hayo.

"Elfu moja mia tisa sitini na moja," Mwanzia akasema.

Lusweti aliinua uso. "Kitambulisho chako kinasema hamsini na saba, Mzee. Niandike upi?"

"Andika niliokuambia. Kesho kutwa nitakwenda mwenyewe niwaambie. Wakikata, wakate." Alipangusa damu kwa mkono wa shati, akaitazama. "Na Maingi mwambieni asiutupe ule mti. Ni mninga mzuri. Anichongee stuli."

Wahome alitolewa nje, kelele zikapanda, zikafuata gari, zikapungua. Zaitun akamwomba Mbinya ule ufunguo wa kufuli, wauchukue kama ushahidi.

Ngumi ilikuwa imefumbwa tena. Mama aliitazama kana kwamba si ya mkono wake, akajaribu, na vidole vikakataa kufunguka.